B.B. King na Kazi ya Kufika

Sikio langu lililelewa na magita ya bendi za dansi, za Kongo na za hapa kwetu Tanzania, ambamo gita la solo likishaingia kwenye sebene halipumui tena hadi wimbo uishe, huku ridhimu ikilisukuma kwa nyuma na besi ikizunguka chini yao. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomsikia B.B. King, mwimbaji na mpiga gita wa bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, kwenye kaseti ya mjomba wangu yenye maandishi ya kalamu yaliyokwisha kufutika, nilidhani mkanda umekwama. Gita lilitoa noti nne au tano, likanyamaza. Mzee akaimba mstari mmoja, naye akanyamaza, kisha gita likamjibu kwa noti moja ndefu iliyotetemeka, halafu kimya tena. Mjomba, ambaye kwa miaka mingi alipiga gita la ridhimu katika bendi moja ya Mwanza, aliniambia nipige makofi kufuata mapigo ya ngoma na nisiache hata gita likinyamaza. Nikapiga. Kila mara nilipodhani jamaa amechelewa, aliingia pale ambapo makofi yangu hayakuwepo, kidogo tu kabla ya pigo au kidogo baada yake, na mjomba akacheka mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo nimemsikiliza sana, lakini kinachonivuta zaidi kwake siku hizi ni kalenda yake. Mwaka 1956 B.B. King alipiga maonyesho 342. Mwaka ule ulikuwa mrefu, wenye siku 366, kwa hiyo zilibaki siku 24 za kulala, kuugua, kufua na kuonana na jamaa zake. Tena ndio mwaka ambao Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu za Marekani, maana yake ni kwamba njia nyingi alizopita King usiku zilikuwa bado zile nyembamba za zamani, zinazokatiza katikati ya kila mji mdogo. Watu humsifu kwa vidole vyake, na wana haki, lakini mimi naamini kazi yake ya kwanza ilikuwa kufika. Kupiga gita ndiko alikofanya baada ya kufika.

Tabia hiyo aliitoa shambani. Riley B. King alizaliwa tarehe 16 Septemba 1925, karibu na mji mdogo wa Itta Bena katika jimbo la Mississippi, kwenye familia ya wakulima wasio na ardhi, wale waliolima pamba kwenye shamba la bwana na kugawana naye mazao huku mbegu, chakula na nguo vikiandikwa kwenye daftari la deni. Sisi tuliozaliwa Usukumani tunaijua pamba: ganda lake likikauka huwa na ncha kali, na mtoto anayechuma kutwa hurudi nyumbani na vidole vilivyochanika pembezoni mwa kucha. Mama yake alifariki Riley akiwa bado mtoto mdogo, bibi yake akamlea huko Kilmichael, naye akafariki pia. Kanisani mchungaji mmoja mpiga gita alimwonyesha kodi zake tatu za kwanza (za muziki, si zile za mapato). Alipokuwa kijana alihamia Indianola, akawa dereva wa trekta, na siku za Jumamosi alikaa kwenye kona ya mtaa na gita lake. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kilichotokea pale. Aliyeomba wimbo wa dini alimpapasa kichwa na kumwambia Mungu atambariki, ila aliyeomba bluzi alitoa sarafu. Nimesoma maelezo marefu ya wataalamu kuhusu kwa nini aliacha nyimbo za injili, lakini hakuna yanayoishinda ile kona.

Mwaka 1946 alishuka kwenye trekta jioni, trekta likaruka mbele baada ya injini kuzimwa, na bomba la moshi likavunjika ukutani. Riley hakusubiri bwana shamba arudi. Alichukua gita, akakimbilia Memphis, mji wa jimbo jirani la Tennessee, ambako binamu wa mama yake, Bukka White, mpiga bluzi aliyekuwa na jina tayari, alimpokea. Alikaa huko miezi kadhaa. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba alirudi. Alirudi Indianola, akamkabili mwenye trekta, akafanya kazi mpaka deni likaisha, ndipo mwaka 1948 akaondoka tena kwenda Memphis, safari hii bila deni.

Huko alijitokeza kwenye redio. Kituo cha WDIA kilikuwa kimeanza kutangaza vipindi kwa ajili ya wasikilizaji weusi, jambo ambalo halikuwa la kawaida nchini humo, na Riley alipewa dakika kumi za kupiga gita na kuisifu dawa moja ya chupa ya kuongeza nguvu iliyoitwa Pepticon. Baadaye akawa mtangazaji anayepiga santuri. Watu walimwita kijana wa bluzi wa Mtaa wa Beale, jina likafupishwa likawa Blues Boy, likafupishwa tena likabaki herufi mbili. Redio ndiyo iliyomlisha masikio: kila siku alipitiwa na jazi, injili, nyimbo za wazungu wa mashambani, vyote, na mtu akisikiliza kwa makini ataona kwamba gita lake linafuata wapuliza saksofoni zaidi kuliko linavyofuata wapiga gita wa Mississippi.

Redio pia ndiyo iliyompeleka barabarani, kwa sababu msikilizaji wa Arkansas aliyemsikia mchana alitaka kumwona usiku. Katika majira ya baridi ya mwaka 1949 alikuwa akipiga kwenye ukumbi wa densi katika kijiji cha Twist, huko Arkansas. Baridi ilikuwa kali na ukumbi haukuwa na jiko, basi wenyewe walifanya walichozoea: waliweka pipa katikati ya sakafu, wakalijaza mafuta ya taa hadi nusu, wakaliwasha, na watu wakacheza wakilizunguka. Wanaume wawili wakagombana. Walipokamatana waliangukia lile pipa, mafuta yakamwagika yakiwaka, na sakafu ya mbao ikawa mto wa moto unaoelekea kwenye mlango ule ule ambao kila mtu alikuwa akiukimbilia. King alitoka nje salama, ndipo akakumbuka gita. Lilikuwa limemgharimu takribani dola 30, na kwa mtu aliyetoka kwenye pamba juzi, hizo hazikuwa pesa za kusema nitanunua jingine. Akarudi ndani. Alilipata, paa likianza kuanguka, na asubuhi akasikia kwamba watu wawili wamekufa na kwamba waliogombana walikuwa wakimgombea mwanamke aliyefanya kazi pale, jina lake Lucille. Akalipa gita jina hilo, na kila gita lililofuata kwa miaka 65 akaliita hivyo hivyo, ili, kama alivyoeleza, asirudie upumbavu wa kuingia motoni wala wa kupigania mwanamke.

Kisa hiki kimesimuliwa mpaka kimekuwa kama hadithi ya watoto, na ndiyo maana nakawia juu ya lile pipa. Ukumbi usio na jiko na wenye mlango mmoja, ulio mbali na kikosi chochote cha zimamoto, ndio uliokuwa ofisi ya mwanamuziki mweusi msafiri wakati ule.

Mwaka 1951 alirekodi „3 O'Clock Blues“ katika chumba kwenye jengo la YMCA mjini Memphis, na mwaka 1952 wimbo ule ukashika namba moja kwenye chati ya muziki wa watu weusi. Mtu angedhani maisha yalinyooka. Lakini ndugu wenye kampuni iliyomrekodi, akina Bihari, walikuwa na desturi ya kuandika majina ya bandia kwenye nyimbo zake kana kwamba kuna mtunzi wa pili, na mtunzi huyo wa pili, aliyeitwa Taub au Josea au Ling, alikuwa mmoja wao, akichukua sehemu ya mirabaha. Albamu zake ziliuzwa kwa bei ya chini kabisa madukani. King alifahamu, na kwa sehemu kubwa alivumilia, kwa sababu alikuwa ameshaelewa hesabu: santuri ilikuwa tangazo, chakula kilikuwa mlangoni mwa ukumbi. Hapa mwanamuziki wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa lolote.

Basi akanunua basi. Mwaka 1955 alipata moja kuukuu, akaliita Big Red, akapakia bendi nzima pamoja na wapulizaji, na kuanzia hapo wakawa wakiishi ndani yake. Katika majimbo ya kusini hoteli nyingi hazikuwapokea watu weusi, na kituo kilichowauzia mafuta kiliweza kuwakatalia choo. Kwa hiyo walilala wakisafiri, wakala wakisafiri, na wakatua kwenye kumbi za watu wao zilizotandazwa kutoka Texas hadi pwani ya mashariki, mzunguko ulioitwa kwa jina la matumbo ya nguruwe, mlo wa kimaskini uliouzwa humo.

Mjomba wangu alinisimulia safari za bendi yao kwenye lori, wamelala juu ya spika na amplifaya zilizofunikwa turubai, na usiku mmoja ambapo mwandaaji alikusanya viingilio mlangoni, akaondoka navyo wakati wao wakiwa wimbo wa tatu. Walimaliza shoo. Nilimuuliza kwa nini, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

Mwaka 1958, huko Texas, Big Red liligongana na lori la mafuta. King hakuwemo, na bendi yake ilinusurika, lakini kwenye lori kulikuwa na waliokufa. Kampuni ya bima ya basi ilikuwa imesimamishwa siku chache tu kabla. Deni lote likamwangukia yeye, na alilipa kwa njia ile ile aliyoijua tangu trekta: akaenda kazini. Sehemu kubwa ya zile safari za mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, ambazo leo tunaziita ujenzi wa gwiji, zilikuwa za mtu anayelipa deni la ajali.

Sasa niseme kuhusu vidole, maana sitaki aonekane mbeba mizigo tu. King alikiri waziwazi kwamba hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja, na kwamba hakuwa hodari wa kodi. Wengine wangeficha. Yeye alijenga nyumba juu ya upungufu huo: mdomo ukiimba, gita linasikiliza, na gita likisema, mdomo unafungwa. Kuhusu ule mtetemo, asili yake ni kushindwa kwingine. Bukka White alipiga kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, sauti ikawa kama mtu anayelia, na Riley alijaribu kumwiga akashindwa. Akatafuta njia ya kuipata sauti ile kwa kidole kitupu. Ukitazama mkono wake wa kushoto kwenye filamu yoyote, utaona kwamba anapofika kwenye noti anayoitaka huachia kidole gumba kutoka nyuma ya shingo ya gita, kiganja chote kikabaki kimening'inia kwenye ncha ya kidole cha shahada, halafu mkono mzima ukapepea kama bawa la kipepeo. Nimeujaribu mbele ya kioo kwa miaka. Mkono wangu unapepea vizuri sana, ila sauti inayotoka ni ya nzi aliyeingia kwenye chupa. Magita yake ya umeme yalikuwa na matundu mwilini yaliyosababisha mlio wa kukera sauti ikipandishwa, naye akawa akiyaziba kwa vitambaa, hadi mwaka 1980 kampuni ya Gibson ilipotoa gita lenye jina la Lucille lisilo na matundu hayo kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipatwa na jambo lililomuumiza kuliko deni. Vijana weusi walianza kumzomea. Walitaka muziki wa soul, na bluzi iliwakumbusha pamba, utumwa na babu zao walioinamisha vichwa. Alisema lilimfanya alie. Mwezi Novemba 1964 alirekodiwa jukwaani katika ukumbi wa Regal mjini Chicago, mbele ya watu wake waliopiga kelele kila alipopinda uzi, na albamu ile wapiga gita bado wanaisoma kama msahafu. Lakini wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, vijana wa Kiingereza walikuwa wakijifunza noti zake na kuzirudisha Marekani. Mwezi Februari 1967 alipofika kupiga kwenye ukumbi wa Fillmore, San Francisco, aliwakuta vijana wa kizungu wenye nywele ndefu wamejaa hadi kwenye ngazi, akadhani basi limemshusha mahali pasipo pake. Bill Graham, mwandaaji wa maonyesho ya pale, alimtambulisha kwa maneno machache, ukumbi mzima ukasimama kabla hajagusa uzi, naye akapanda jukwaani akitokwa na machozi. Mwaka uliofuata alipata meneja mpya, Sid Seidenberg, aliyemtoa kwenye mzunguko wa zamani. Mwaka 1969 alifungua maonyesho ya Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, na mwishoni mwa mwaka huo „The Thrill Is Gone“ ukatoka, wimbo wa zamani wa Roy Hawkins aliouvalisha vinanda vya nyuzi, ukafika nafasi ya 15 kwenye chati ya nyimbo zote. Alikuwa na miaka 44, na takribani miaka 20 ya barabara nyuma yake.

Kisha akafika kwetu, au karibu na kwetu. Mwezi Septemba 1974 aliletwa Kinshasa, Zaire, kwenye tamasha la siku tatu lililopangwa kutangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini wanamuziki walikuwa tayari, hivyo muziki ukatangulia ngumi kwa zaidi ya mwezi. Kwenye orodha ile walikuwemo James Brown, Miriam Makeba, Celia Cruz na Bill Withers, na upande wa wenyeji Franco na TPOK Jazz pamoja na Tabu Ley. Nikitazama picha za filamu za siku zile, huwa nawafikiria wale waliosimama uwanjani, wenye sikio kama langu, waliozoea magita matatu yanayosukana kama ukili. Wanamwona mtu mnene aliyelowa jasho, uso umekunjamana kama anayeng'olewa jino, akiwapa noti moja na kuwaacha wasubiri. Franco naye alikuwa bingwa wa kurudia kitu kidogo mpaka kikolee. Sidhani kama walikuwa mbali sana kama tunavyofikiri, ila Franco alikaza kwa kujaza na King alikaza kwa kuacha wazi.

Gharama ya kalenda ile ililipwa nyumbani. Alioa mara mbili, mwaka 1946 na mwaka 1958, na ndoa zote mbili zilivunjika. Mtu anayekuwa nje usiku 250 kwa mwaka hana ndoa, ana mahali pa kupokelea barua. Alikubali kuwa baba wa watoto 15 kwa wanawake mbalimbali, akawatunza kwa pesa, na mwenyewe hakujifanya kwamba pesa ni sawa na kuwepo. Sioni sababu ya kumsafisha hapo. Kufika kila mahali kulimaanisha kutokuwepo mahali pamoja.

Heshima zilipokuja zilikuja kwa fungu: tuzo 15 za Grammy, Nishani ya Uhuru ya Rais mwaka 2006, Ikulu ya Marekani mwaka 2012 ambako Obama alibembelezwa akaimba mistari michache. Haya yanapatikana popote. Kinachonihusu ni kwamba hakuacha. Kisukari kilimkuta mwaka 1990, akaanza kupiga akiwa ameketi. Mwaka 2006 alifanya ziara ya kuaga, kisha akarudi kana kwamba hakuna aliyeagwa, na mwaka 2011, akiwa na miaka 85, alikuwa kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza. Mwezi Aprili 2014 alipiga shoo mbovu mjini St. Louis. Alisahau, alizungumza mno, alirudia wimbo mmoja, watu wakapiga kelele na wengine wakatoka, na baadaye kambi yake ikaomba radhi. Wengi waliandika kwamba walio karibu naye walipaswa kumzuia mapema. Nilifikiri hivyo pia, mpaka nilipomkumbuka mjomba mwaka wake wa mwisho, alipoombwa apige kwenye arusi ya jirani. Vidole havikubana tena nyuzi, lakini alivaa suti, akafika saa moja kabla ya wote, akakaa na gita mapajani akiligonga kwa kiganja kufuata ridhimu. Nani angemvua ile suti?

Tarehe 3 Oktoba 2014, mjini Chicago, King alishindwa kumaliza onyesho kwa uchovu na upungufu wa maji mwilini, na maonyesho manane yaliyobaki yakafutwa. Alifariki usingizini nyumbani kwake Las Vegas tarehe 14 Mei 2015, akiwa na miaka 89. Mwili ulipelekwa kwa ndege hadi Memphis, ukapitishwa Mtaa wa Beale nyuma ya matarumbeta, kisha gari likashika Barabara ya 61 kuelekea kusini, zaidi ya kilomita 200, njia ya kurudi kule alikokimbia baada ya kuvunja bomba la trekta. Kando ya barabara watu walisimama na kupunga mikono. Alizikwa Indianola tarehe 30 Mei, kwenye uwanja wa makumbusho yenye jina lake, na sehemu ya jengo la makumbusho hayo ni kiwanda cha zamani cha kuchambulia pamba, kilichojengwa kwa matofali, ambamo aliwahi kuajiriwa akiwa kijana.